Kurasa Arobaini za Bibi Mwanaima

Kila siku Ziada aliamka kwa adhana ya alfajiri, akatawadha, akasali, kisha akateka maji kisimani kabla ya kwenda shuleni. Adhuhuri ilipopita alirejea nyumbani kumsaidia bibi yake, Mwanaima, kumenya mihogo na kuianika iwe makopa. Waliishi katika kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara iendayo Mtama. Mwaka ulikuwa 1975, na Serikali ilikuwa imeagiza kila mtu mzima ajifunze kusoma na kuandika.

Mwanzoni mwa mwaka, Mwalimu Evaristo aliwataka wanafunzi wa darasa la sita wajiwekee kila mmoja lengo, pamoja na siku ya kulitimiza. Ziada, ambaye alitamani kuwa mwalimu, aliandika: "Nitamfundisha bibi yangu kitabu chote cha kisomo cha watu wazima, kurasa arobaini, kabla ya mtihani wao wa Agosti." Mwalimu alipendezwa. Aliahidi kwamba Bibi akifaulu kusoma, Ziada atakuwa msaidizi wake katika darasa la akina mama.

Ziada hakujua njia ya kufundisha ila ile ya chuoni alikosomea Kurani: mwalimu hutamka, wanafunzi huitikia, hata maneno yakakaa moyoni. Basi alitamka, na Bibi aliitikia huku akimenya mihogo. Kila ukurasa uliohifadhiwa, Ziada aliutia alama ya mkaa. Ilipofika Julai, kurasa zote arobaini zilikuwa na alama.

"Umehitimu, Bibi!"

"Basi nichinjie kuku, mke mwenzangu, kama wafanyiwavyo waliohitimu chuoni!"

Siku hiyo alipita Dadi, mwanafunzi mwenzake Ziada.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa usikie watu wanavyosoma." Bibi akafungua kitabu, akasoma bila kusita: "Palizi ya mapema huleta mavuno mema."

Dadi akaangua kicheko. "Bibi, ukurasa huo unahusu kuchemsha maji! Tena umekishika kitabu juu chini!"

"Kwani kikigeuzwa maneno yanamwagika?"

Ziada hakucheka. Alichukua kijiti, akaandika chini neno *muhogo*, akamwomba Bibi alisome. Bibi aliinama akalitazama.

"Anza wewe," akasema, "mimi nitaitikia."

Bibi alipoingia ndani, Dadi akamnong'oneza Ziada, "Nyamaza tu. Mtahini akitumia kitabu hiki, Bibi atakisoma chote. Nani atajua?"

Siku mbili Ziada alinyamaza. Siku ya tatu alimweleza Bibi ukweli. Bibi, ambaye alikwisha kujisifu kwa majirani, aliweka kisu chini.

"Kumbe nimekuwa kasuku?"

"Kosa ni langu, Bibi."

"Basi nenda kwa mwalimu wako. Sitaki kudanganya watu, na uzee huu."

Mwalimu Evaristo alimsikiliza Ziada mpaka mwisho, wala hakumkemea. "Zimebaki wiki tano," alisema. "Unataka Bibi aweze kufanya nini?"

Ziada alifikiri. "Aweze kusoma neno ambalo hajalisikia kwangu."

"Hilo ndilo lengo. Sasa ligawe, liingie katika siku moja moja."

Tangu siku hiyo walijifunza herufi mbili kwa siku, wakiziandika kwenye kibao. Kisu kiliwekwa kando mpaka somo liishe. Bibi akisahau herufi, hawakwenda mbele, bali waliirudia. Kuna siku Bibi alikasirika, akaingia ndani. Kesho yake alitoka mwenyewe na kibao mkononi.

Siku ya mtihani, mtahini hakufungua kitabu. Aliandika ubaoni: *Tomaso amepanda mikorosho mitano.* Bibi alisogea karibu na ubao, huku Ziada akichungulia dirishani.

"To... ma... so," Bibi akaanza. Katika neno la tatu alikwama, akarudi nyuma, akaanza upya. Hatimaye akafika kwenye nukta, akainua uso. "Mitano tu? Mvivu huyo!"

Darasa zima likacheka, na mtahini naye pia. Mtihani wa kuandika ulimshinda Bibi mwaka huo, lakini kusoma alifaulu.

Mwalimu Evaristo aliwaambia wanafunzi wake: "Ziada alitia alama arobaini, na hakuna hata moja iliyomwonyesha kama Bibi anajua kusoma. Wanangu, lengo jema ni lile ambalo likitimia utaweza jambo ulilokuwa huliwezi. Ligawe kwa siku, ulipime kwa ukweli. Na ukigundua umepotea njia, sema mapema, maana kosa lililofichwa halikufikishi popote."

Jumatatu iliyofuata, Ziada alisimama mbele ya akina mama. Aliandika neno moja ubaoni, hakulitamka, akangoja walisome wenyewe.