Nyuso Zilizoliwa Studio

Uso wa kwanza kupotea ulikuwa wa bibi harusi mmoja. Shela ipo, maua yapo, bwana harusi kakenua meno, na ndani ya shela peupe pe, kama yai lililomenywa. Mpiga picha akapangusa kioo cha kompyuta kwa shati lake, akasema ni vumbi. Mtu asiyetaka kujishughulisha, kila kitu kwake huwa vumbi.

Picha za wateja hazikumtia hofu. Hizo alizitolea nakala kwenye flashi, maana wateja wana midomo. Lakini picha za marehemu mkewe, aliyefariki binti yao akiwa bado ananyonya, zilikaa kwenye kompyuta ileile tu, miaka kumi na sita. Binti alimsihi mpaka akachoka: azitolee nakala, hata moja. Baba hujibu ngoja kwanza amalize kazi za watu.

"Marehemu hana haraka," alisema siku moja, akacheka.

Kumbe aliyemsikia hakuwa binti peke yake.

Kesho yake, mchana kweupe, studio ikanuka nywele zilizoungua. Ndani ya kompyuta kitu kikawa kinatafuna, taratibu, kama mtu aliyekaribishwa chakula. Mpiga picha akachomeka flashi, akafungua picha za mkewe, na kila aliyoigusa ilifunguka gauni likiwa zima, mikono ikiwa imempakata mtoto, na uso ukimeguka mbele ya macho yake, kidevu, kisha mdomo, kisha jicho moja lililobaki likimtazama yeye mpaka nalo likaenda, na kile kitu kikaendelea kutafuna hadi picha ya mwisho.

Wakamwita fundi mmoja mzee, mtengeneza kompyuta ambaye watu husema hutoa na majini. Alikuja na bisibisi na chetezo. Akafukiza, akasoma, akafungua, akafunga. Harufu ikakatika.

"Ametoka," alinong'ona. "Ila alichokula hatapiki."

"Hata moja, mzee?" binti aliuliza.

"Mngekuwa na nakala mahali pengine, mwanangu, tungekuwa tunaongea mengine."

Binti hakulia. Alikaa karibu na baba yake.

"Basi niambie wewe. Mama alikuwaje?"

Mpiga picha akafumba macho amwone mkewe. Akaliona gauni. Akaiona mikono. Akaanza kupanda na shingo, polepole, akiogopa kufika. Alipofika, akafumbua macho haraka.

"Mama yako alikuwa mzuri," alisema.

"Mzuri vipi, baba?"