Kome wa Maji Mekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rozelda Basson humpelekea bibi yake kahawa kibarazani. Bibi Katriena huinywa polepole huku akiitazama bahari ya Elandsbaai, kijiji chao cha wavuvi huko Afrika Kusini. Asubuhi moja ya Februari aliipokea kahawa, akaiweka chini bila kuionja.

"Hebu nisaidie macho, mjukuu wangu. Maji yale yana rangi gani?"

"Kama ile chai nyekundu ya rooibos, Bibi. Tena iliyokolea."

"Basi sikukosea. Na upepo umelala tangu juzi. Hapo hakuna heri."

Rozelda hakuwa amemaliza kufunga kamba za viatu alipomsikia Jaydin, mtoto wa jirani ambaye alisoma naye darasa moja, akipiga kelele barabarani.

"Zelda! Toka nje! Kambakoche wanatoka baharini! Wanatembea mchangani!"

Jaydin hakuwa ametia chumvi. Ufuo mzima ulikuwa umejaa kambakoche, wekundu, wazito, wakijikokota kutoka majini huku wakipandiana migongoni. Wengi walikuwa wameshakufa, na uvundo ulianza kupanda. Siku hiyo vitabu havikufunguliwa. Mwalimu Fortuin aliwaleta wanafunzi wote ufuoni, akawapa glavu. Kazi yao ilikuwa kuwaokota walio hai na kuwatia katika matangi ya maji safi, ili mashua ziwapeleke kwenye maji yasiyochafuka.

Afisa wa uvuvi, Bi Adonis, alipanda juu ya lori ili asikike.

"Hawa hawana ugonjwa," alisema. "Wamekosa hewa. Vijimea vidogo sana vimezaliana majini mpaka bahari ikageuka rangi. Vikifa huoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni. Kambakoche anatoka nje kama mtu anavyotoka kwenye nyumba iliyojaa moshi."

"Mbona siku hizi inatokea mara kwa mara?" aliuliza Rozelda. "Na baba anasema kambakoche wengine wamehamia kusini."

"Baba yako anasema kweli. Hali ya hewa ya dunia inabadilika, na bahari nayo haikusalimika. Joto si lile, pepo si zile. Samaki wanahama. Wataalamu wanahofia kwamba maji mekundu kama haya tutayaona zaidi."

"Dada, unatuambia turudishe chakula majini, na sisi tuna njaa?" alidakia mvuvi mmoja. Watu wakacheka.

"Uwale wote leo, kaka, halafu mwakani utege mawe!" Bi Adonis alimjibu, naye akacheka. Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini sikilizeni. Kome walio miambani msiwaguse. Wanakula vijimea hivi, na sumu inabaki ndani yao. Hata mmoja msile."

"Tukiwapika je?" aliuliza yule mvuvi.

"Hata ukiwachemsha mpaka Pasaka! Sumu hii haiogopi moto."

Mchana wanafunzi waliruhusiwa kwenda kula. Nyumbani kwa akina Rozelda kulikuwa na mkate na viazi, kama jana na juzi. Jaydin alimvuta mkono, akampeleka nyuma ya miamba, mahali ambapo alikuwa amekwisha kuwasha moto wa vijiti chini ya mkebe. Ndani yake kome walikuwa wakitokota, na katikati yao kilielea kitunguu.

"Jaydin! Hukumsikia Bi Adonis?"

"Yule ni wa mjini. Babu yangu alinifundisha: tia kitunguu, kikiwa cheusi, kome wana sumu. Tazama, cheupe pe! Au unaogopa?"

Rozelda hakupenda kuitwa mwoga. Zaidi ya hayo, harufu ilikuwa nzuri. Jaydin alikula mpaka akalamba vidole. Rozelda alikula wawili tu.

Walikuwa wakirudi kwenye matangi Rozelda alipohisi midomo ikimwashawasha, kama aliyetafuna pilipili. Alimtazama Jaydin. Naye alikuwa akijisugua midomo.

"Itapita," Jaydin alisema. "Lakini usimwambie mtu. Baba akijua, atanichuna ngozi. Niahidi."

"Haya. Nakuahidi."

Jaydin alikwenda kwao akisema tumbo linamuuma. Rozelda aliketi jikoni kwa bibi yake, ulimi umekufa ganzi, akijiambia kwamba itapita. Haikupita. Akawaza: mimi nimekula wawili na niko hivi, yule aliyekula mkebe mzima yuko hali gani? Wazo hilo lilimwinua kitini. Alikimbia.

Mama yake Jaydin, Anti Lettie, alimzuia mlangoni. "Acha alale, mwanangu. Ni jua tu. Nimempa maji ya sukari, ila hata kikombe hawezi kukishika."

"Anti, si jua! Tumekula kome!"

Anti Lettie aliangusha kitambaa alichokishika. Jaydin alikuwa amelala chali, akijaribu kusema, na maneno yakimtoka kama ya mlevi. Baba yake, Apools, alimbeba mpaka kwenye gari la Mwalimu Fortuin, aliyekuwa bado ufuoni. Kabla ya kupanda, alimgeukia Rozelda.

"Ni wewe uliyempeleka huko! Mtoto mkubwa huna akili!"

Rozelda alimfungulia mlango wa gari. Haukuwa wakati wa kugombana. Naye pia alipandishwa garini.

Hospitalini daktari alisema sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa. Kinachowezekana ni kumsaidia mgonjwa kupumua hadi mwili wenyewe uitoe. Jaydin aliunganishwa na mashine. Rozelda aliangaliwa usiku kucha, na asubuhi ganzi ilikuwa imeondoka. Siku iliyofuata Jaydin naye alianza kupumua mwenyewe.

Jaydin aliporudi nyumbani, Rozelda na bibi yake walikwenda kumjulia hali.

"Ulisema hutasema," Jaydin alinung'unika.

"Ningenyamaza, hayo ungeniambia ukiwa wapi?"

Bibi Katriena aliketi ukingoni mwa kitanda. "Sikilizeni, wajukuu zangu. Bahari niliyoijua nikiwa na umri wenu si hii mnayoiona. Hata zamani kitunguu hakikujua sumu. Ni bahati tu iliyowaokoa watu. Siku hizi bahari inageuka mara nyingi zaidi, na bahati nayo ina mwisho. Wanaoipima wakitoa onyo, tulishike. Na jambo la pili: mficha maradhi, kilio humfichua. Ahadi ya kuficha hatari si ahadi. Rozelda aliivunja, ndiyo maana tunakutazama leo ukinung'unika."

Jaydin alicheka, kisha akautazama mlango wa uani.

"Bibi, baba anajua kwamba ni mimi niliyewapika wale kome?"

"Hajui. Mpaka leo anadhani Rozelda ndiye aliyekushawishi, na Rozelda hakujitetea."

Jaydin alijiinua kwa viwiko mpaka akaketi. Sauti yake ilikuwa bado dhaifu, lakini ilifika uani.

"Baba! Njoo, tafadhali. Kuna jambo sijakwambia."