Violeth na Pamba Iliyopasuka

Hivi wewe, umewahi kupalilia shamba la pamba, halafu usiione ikipasuka?

Basi hivyo ndivyo alivyoishi Violeth, mkunga wa kituo cha afya huko Nkololo. Kazi yake ilikuwa ya kliniki tu. Alipima matumbo, akatoa vidonge. Kuzalisha ni kwa mwingine. Kumwangalia mtoto aliyezaliwa ni kwa mwingine tena. Jioni alikunja koti lake jeupe, akarudi nyumbani bila hamu hata ya chai.

Mwishowe akaomba uhamisho.

"Kwani unataka nini, Violeth?" akauliza Ngassa, mkuu wa kituo.

"Nimechoka tu."

"Subiri kwanza mpaka pamba ivunwe. Tunabadili utaratibu. Kila mkunga atakuwa na kina mama wake, tangu mimba hadi mtoto ananyonya vizuri. Wewe utashirikiana na Philomena. Mmoja akipumzika, mwenzake yupo, na mama anawajua wote wawili."

Violeth akaguna. Akapewa Milembe, mwenye mimba ya tatu. Alikuja na mama mkwe wake, Nyanjige.

"Mwangaluka, mayu," Violeth akamsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Leo ni wewe, mwezi ujao nani? Ninyi wakunga kama ng'ombe wa kuazima, kila siku zizi jingine!"

"Safari hii ni mimi na mwenzangu Philomena tu, mayu. Mtatuchoka."

Kisha akamgeukia Milembe. "Uzazi uliopita ulikuwa na tatizo?"

"Hakuna," Milembe akajibu, macho chini.

Mwezi uliofuata, jibu lile lile. Mara ya tatu, Milembe aliingia peke yake, akarudisha mlango.

"Dada, nilizalia nyumbani. Damu ilinitoka mpaka nikazimia. Watu wakasema nimevunja mwiko. Ningewezaje kumwambia kila mgeni?"

Violeth akamshika mkono. "Si mwiko, wala si uchawi. Kutokwa na damu nyingi ni hatari, lakini dawa ipo. Usizalie tena nyumbani. Siku zikikaribia, njoo usubiri hapa kabla ya uchungu. Tutaweka damu ya akiba, na daktari atajua."

Milembe akaja mapema. Mchana mmoja Violeth alimpokea mtoto wa kike. Mara damu ikaanza kumwagika. Dawa ilikuwa tayari, Violeth akachoma sindano. Philomena akasugua tumbo. Damu ikakata.

Wiki iliyofuata Violeth alikwenda kuwatazama nyumbani kwao. Shamba zima la pamba lilikuwa jeupe. Nyanjige akamwekea mtoto mikononi.

"Kumbe ng'ombe huyu zizi lake ni hapa!"

Violeth akacheka mpaka mtoto akashtuka.

Kesho yake Ngassa akamwuliza, "Haya, pamba ndiyo hiyo inavunwa. Yale maombi yako niyapeleke wilayani Bariadi?"

"Acha, mkuu," Violeth akasema. "Mimi sikutaka kuhama. Nilitaka kumwona mama mmoja, tangu mwanzo mpaka mwisho."