Diski ya Marehemu Nereo

Kamera ilikuwepo. Lenzi zilikuwepo. Hata kompyuta ya Yadira Pinacho ilikuwa mezani pale studioni, inawaka. Kilichoibwa ni diski moja ndogo, na kwa ajili yake mtunzi huyo wa dansi alikuwa amekaa sakafuni, amelia mpaka sauti imekauka.

Inspekta Eleuterio Cuevas alichuchumaa mbele yake.

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Filamu yangu. Nereo anacheza peke yake kwenye ngazi za mtaa wa juu."

"Huyo Nereo nimpate wapi?"

"Amekufa, Inspekta. Homa ya dengi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kupiga picha."

"Nakala?"

"Anayejitegemea kama mimi hana nakala. Ana diski moja na maombi."

Cuevas nusura acheke. Alipomtazama usoni akaacha. Yadira hakuwa na kampuni wala mfadhili. Mchana alifundisha watoto kucheza, na kilichobaki cha nguvu zake alikimimina kwenye filamu ile. Alimwambia waziwazi kwamba bila diski hajui kesho ataamkia nini.

Kufuli lilikuwa zima. Mwizi aliingia kwa ufunguo.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Nereo naye alikuwa nao."

Ukutani palikuwa na msumari mtupu. "Hapa palitundikwa nini?"

"Taulo lake." Yadira akainua kichwa. Akachungulia chini ya benchi. "Viatu vyake vya mazoezi pia havipo. Na kikombe chake! Mbona sikuona?"

Mezani kulikuwa na vumbi jeupe. Mtaalamu wa alama za vidole alitaka kulipeleka maabara. Cuevas alilisugua kidoleni. Ilikuwa chokaa, na hakuhitaji maabara, maana alikuwa amemzika mama yake mwaka uliopita. Hapa Oaxaca watu wote wanajua: matanga yakiisha, msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni huzolewa mpaka chembe ya mwisho, ukapelekwa kaburini, ili kivuli cha marehemu kisibaki kinatangatanga.

"Matanga ya Nereo yameisha lini?"

"Leo alfajiri."

"Ulikwenda?"

"Sikualikwa," alisema Yadira, akageuza uso.

Wakaenda pamoja. Bi Eufrosina, mama wa marehemu, walimkuta uani akiwa anasugua masufuria ya wageni wa matanga.

"Karibuni. Mchuzi wa mole umebaki."

"Ahsante, mama. Leo asubuhi ulikwenda studio?" aliuliza Cuevas.

"Nilikwenda kuchukua vitu vya mwanangu. Ni kosa?"

"Diski haikuwa yake."

"Ndani alikuwamo nani? Wewe?"

Inspekta akatoa daftari. "Una haki ya kukaa kimya, mama."

"Nimekaa kimya vya kutosha." Akamgeukia Yadira. "Uliniita nije nimwone. Nikaja na nguo yangu ya kanisani. Ukanionyesha anaanguka ngazini. Ukabonyeza, akaanguka tena. Ukarudisha nyuma, akaanguka tena, nawe unasema 'bado, bado.' Mara mkono peke yake. Mara kichwa peke yake. Mimi nilimwosha mzima, binti. Mzima! Wewe ukakaa unamkatakata."

"Nilikuwa nahariri, mama."

"Hilo neno silijui. Ninachojua ni kuanguka. Angepumzika vipi, wakati kwako anaanguka kutwa?"

"Diski iko wapi?" aliuliza Cuevas.

"Kaburini, pamoja na msalaba wake."

Yadira aliruka. "Tufukue! Inspekta, twende sasa hivi!"

"Fukueni tu. Niliiponda kwanza." Bi Eufrosina akaonyesha jiwe la kusagia lililokuwa penye meko. "Niliiponda mpaka ikawa makombo, nikayachanganya na chokaa. Haanguki tena."

Cuevas alitoa pingu, kisha akabaki amezishika tu. Alingoja Yadira apige kelele, atukane, amrukie yule mama. Yadira alijishikiza ukutani.

"Mbona hukukaa mpaka mwisho, mama?"

"Ningekaaje?"

"Mwisho anainuka. Anapanda ngazi zote mpaka juu, anacheka. Nilikuwa natafuta pa kukata pale anapoanguka, ili watu wamwone vizuri akiinuka."

Bi Eufrosina aliacha sufuria ikaanguka.

"Anainuka?"

"Anainuka, mama."

"Anacheka? Nereo wangu?"

"Anacheka mpaka meno yote yanaonekana."

Yule mama alikwenda akapiga magoti penye jiwe. Katika vijishimo vyake mlikuwa mmenasa vipande vyeusi, vidogo kuliko punje za ufuta. Akaanza kuvichokonoa kwa ukucha. Akakiinua kimoja.

"Hiki je, binti? Hiki hakitoshi?"

Yadira alitikisa kichwa. Bi Eufrosina akakiweka kiganjani, akainama, akaendelea kuchokonoa.