Draiva Iliyong'olewa Maabara

Saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, simu ya karakana ya kompyuta ya hospitali iliita. Fundi aliipokea huku bisibisi ikiwa bado mkononi.

"Fundi, wifi yako..." Sista wa wodi ya wazazi alikuwa anahema.

"Najua inasumbua, Sista. Nikimaliza hapa nakuja kuiangalia."

"Sizungumzii mtandao, mama! Nazungumzia mke wa kaka yako. Amewekewa damu isiyo yake."

Bisibisi ilianguka sakafuni. Fundi alikimbia ngazi za ghorofa tatu bila kufunga mlango.

Alimkuta wifi yake amezungukwa na madaktari wawili, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Alikuwa amejifungua alfajiri, mtoto wa kike, salama salimini. Kisha damu ikakataa kukata. Daktari aliagiza aongezewe, na mfuko ukatoka maabara saa tatu na dakika hamsini ukiwa na alama ya kundi B. Wifi yake alikuwa kundi O. Hata nusu saa haikufika, akaanza kulalamika kwamba mgongo unawaka moto. Sista alifunga mpira wa damu na saa nne na nusu akapiga simu maabara. Sasa mkojo ulikuwa unatoka mweusi kama kahawa, na daktari alikuwa anahofia figo.

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsalimu.

"Ni mashine yako," alisema.

"Mashine gani, kaka?"

"Usijifanye hujui. Mkuu wa Maabara ametueleza. Sijui draiva, sijui nini, uliyoiweka jana imekataa. Mtandao wa maabara umekufa tangu walipowasha mashine asubuhi. Hakuweza kufungua faili la mke wangu aone kundi lake la damu." Alisogea karibu. "Tumenyonya ziwa moja, wewe. Mke wangu akifa, usije msibani kwangu. Mama nimeshampigia, anajua."

Fundi aligeuka akaondoka, machozi ya hasira yakimchoma macho.

Saa tano na dakika ishirini, barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Uzembe, ilisema. Kikao saa tisa alasiri. Mkurugenzi wa hospitali, mwanamama mwenye sauti ya upole na moyo wa jiwe, alimkuta anaisoma.

"Nimeagiza kompyuta ya maabara iletwe karakanani. Irekebishe kabla ya kikao, halafu ukabidhi funguo."

"Mama, hujaniuliza hata swali moja."

"Utaulizwa saa tisa."

"Yaani nifukuzwe, lakini nitengeneze kwanza?"

Mkurugenzi alikuwa ameshampa mgongo.

Fundi alijifungia na ile mashine. Alitamani kuipiga teke. Badala yake alivuta kiti, akaiwasha, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri.

Alijua alichokifanya jana. Saa kumi alasiri kompyuta zote za hospitali, zinazotumia mfumo uitwao Linux, zilipokea kiini kipya cha mfumo. Kiini kikibadilika, draiva ya kadi ya mtandao, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi yake, lazima ijengwe upya. Aliijenga, akaisakinisha, akaizima na kuiwasha mashine mara mbili. Mara zote mbili taa ya kijani ya kadi iliwaka. Draiva haiamki asubuhi ikaamua kugoma kama mtoto asiyetaka shule.

Aliuliza mfumo orodha ya amri zilizoandikwa siku hiyo. Orodha ilikuwa tupu. Kuna mtu ameifuta.

"Ahaa," alisema kwa sauti. "Mwenye mikono safi hanawi mara mbili."

Lakini Linux ina daftari jingine, ambalo wasioijua vizuri hawana habari nalo. Kila amri nzito, inayodai nywila, yaani neno la siri la mashine, huandikwa humo pamoja na saa yake. Alilifungua akasoma taratibu, mstari kwa mstari, akinakili kwenye karatasi.

Saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi: mashine imewashwa, draiva imepanda, kadi imeunganishwa na mtandao. Hakuna kosa lolote.

Saa nne na dakika arobaini: mtu ametoa amri ya kuing'oa draiva iitwayo kx8821. Mfumo umejibu kwamba hakuna kitu chenye jina hilo.

Saa nne na dakika arobaini na moja: orodha ya draiva imefunguliwa, kisha amri ileile, safari hii kx8812. Draiva imeng'oka. Mtandao umekatika.

Saa nne na dakika arobaini na tatu: faili jipya limeandikwa, la kuizuia draiva hiyo isipande tena hata mashine ikiwashwa upya.

Fundi aliisoma mistari hiyo mara tatu. Damu ilitoka maabara saa tatu na dakika hamsini. Wakati huo mtandao ulikuwa mzima kama chuma, na uliendelea kuwa mzima kwa karibu saa nzima baadaye. Mtu aliuua kwa mkono wake, kisha akalitupa jeneza mlangoni kwa Fundi.

Nywila ya mashine ile ilijulikana na watu watatu: yeye, Mkuu wa Maabara, na karani wa masijala, mtunza nywila za hospitali, aliyeitwa Madirisha. Karani huyo alipewa jina hilo kwa sababu tangu hospitali ihamie Linux alikuwa akiulilia mfumo wa zamani, Windows, yaani madirisha, kama mjane. Wiki iliyopita, mbele ya watu kumi, alisema, "Huu mfumo wenu utakuja kuua mtu."

Fundi hakuhitaji kufikiri zaidi. Saa sita na robo alisukuma mlango wa masijala mpaka ukagonga ukuta.

"Ulikuwa wapi saa nne na dakika arobaini?"

Madirisha aliinua macho kutoka kwenye lundo la mafaili. "Shikamoo haipo siku hizi, dada?"

"Nakuuliza ulikuwa wapi!"

"Stoo. Nilifuata karatasi."

"Nani alikuona?"

"Panya." Kisha alimwona uso, akaacha mzaha. "Kuna nini?"

"Uling'oa draiva ya mashine ya maabara, tena jina lake ulilikosea mwanzo, ili dunia ikubali kwamba Linux inaua. Hongera. Wifi yangu yuko kitandani anakojoa damu!"

Madirisha alisimama. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na tano, na Fundi hakuwahi kumwona amekasirika hivyo.

"Sikiliza, binti. Mfumo wako siupendi, na sitaupenda mpaka nastaafu. Lakini mimi mke wangu alifia wodi ileile. Usinisingizie unyama huo." Alivuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaipiga juu ya meza. "Hii si karatasi yako? Ya namna ya kuing'oa draiva na kuirudisha ikigoma? Ningetaka kuing'oa ningefuata hii hii, na ningeing'oa vizuri, maana mimi ndiye niliyekuonyesha kosa lako. Au umesahau tulivyokucheka?"

Fundi aliitazama karatasi. Ilikuwa mwandiko wake. Mwezi mmoja nyuma aliandika maelekezo hayo nakala tatu: yake, ya Madirisha, na ya Mkuu wa Maabara. Kwenye hatua ya nne alipindua tarakimu, akaandika kx8821. Madirisha aliligundua, watu wakacheka, naye akalisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Kwenye nakala ya karani, 12 nyekundu ilikuwa bado inang'aa.

Alisahihisha na ya kwake. Ya tatu hakuigusa. Siku ile Mkuu wa Maabara alikuwa safarini kwenye semina, karatasi yake imefungiwa ofisini.

Fundi alikaa chini bila kukaribishwa.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Nimekukosea."

"Umenikosea sana," alisema Madirisha. "Lakini sema ni nani, tukamalizane naye."

Saa tisa kamili kikao kilianza katika chumba cha Mkurugenzi. Mkuu wa Maabara alikaa mkono wa kulia, koti lake jeupe limepigwa pasi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na hakuna aliyewahi kumsikia akikosea. Sista alikuwepo, na kaka yake Fundi, macho mekundu. Madirisha alijileta mwenyewe, akasimama karibu na mlango.

"Tuanze na hiyo draiva," alisema Mkurugenzi. "Mimi nilidhani madereva wetu ni wawili tu, wa gari la wagonjwa."

Hakuna aliyecheka.

"Kabla sijajieleza, mama, naomba nimuulize Mkuu maswali matatu," alisema Fundi. "Mtandao wa maabara ulikufa saa ngapi?"

"Nimeshasema. Haukuwahi kuwepo. Tuliwasha mashine saa mbili kasoro, haukuwepo."

"Una uhakika?"

"Mdogo wangu, mimi si mtu wa kubahatisha."

"Sheria inasema, kabla ya kutoa damu, ufungue faili la mgonjwa mtandaoni ulinganishe kundi. Hukulifungua kwa sababu mtandao haukuwepo?"

"Ndiyo. Nililazimika kutegemea kipimo changu peke yake. Mgonjwa alikuwa anakufa."

"Na faili hilo hujalifungua leo hata mara moja?"

"Ningelifunguaje?"

Fundi aliweka karatasi mbili mezani. "Hii ya kwanza ni kumbukumbu ya mashine. Mtandao ulikuwepo tangu saa mbili kasoro dakika mbili mpaka saa nne na dakika arobaini na moja, ulipokatwa kwa amri iliyoandikwa kwa mkono. Hii ya pili ni kumbukumbu ya mafaili ya wagonjwa. Saa nne na dakika thelathini na sita, dakika sita baada ya simu ya Sista, mashine ya maabara ilifungua faili la wifi yangu. Ulilifungua, Mkuu. Ulichelewa tu."

Mkuu alitabasamu kidogo. "Mtu yeyote anaweza kukaa kwenye mashine ile. Karani huyu hapa ana nywila. Na tunajua anavyouchukia mfumo."

"Aliyeing'oa draiva alikosea jina kwanza," alisema Fundi. "Aliandika themanini na nane, ishirini na moja. Kosa hilo lilibaki kwenye karatasi moja tu humu hospitalini. Naomba ututolee ya kwako."

"Sijui iko wapi."

"Iko mfuko wa koti lako," alisema Sista taratibu. "Nilikuona unaikunja nilipokuja na ile chupa ya damu uipime tena."

Kaka yake Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mkuu wa Maabara aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi, akaiweka mezani. Hatua ya nne: kx8821. Hakukuwa na wino mwekundu.

"Zilikuja chupa mbili za vipimo kwa pamoja," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. "Za wazazi wawili, mmoja wa kuongezewa na mmoja wa kupimwa tu. Nilizipanga kwa mazoea, kama ninavyozipanga kila siku. Kumbe nimezibadilisha. Faili sikulifungua, kweli. Huwa silifungui. Miaka ishirini na miwili nasoma damu, tangu hawa hawajajua kompyuta ni nini. Sista alipopiga simu nikafungua, nikaona O. Nikaona maisha yangu yote yananiangukia. Nikasema, bora ilaumiwe mashine. Mashine haina mama wa kuililia."

"Mimi ninaye!" Fundi alipiga meza kwa kiganja. "Mama yangu amepigiwa simu na kaka yangu huyu kuambiwa binti yake ni muuaji! Kukosea ni ubinadamu, Mkuu. Kama ungesema saa ileile kwamba chupa zimebadilishana, daktari angeanza kuokoa figo za mgonjwa mara moja. Wewe ukatumia dakika hizo kung'oa draiva!"

Sista alikuwa analia.

"Barua yako tunaifuta," alisema Mkurugenzi, bila kumwangalia Fundi usoni.

"Mliibandika ubaoni, mama. Na hiyo ya kufuta ibandikwe palepale, na iseme kwa nini."

Mkurugenzi alichukua kalamu. Alipomwambia Mkuu akabidhi funguo za maabara na asitoke nje ya hospitali mpaka polisi wafike, Mkuu aliinuka kama mtu aliyezeeka kikaoni.

Kaka alimfuata Fundi kwenye ukumbi. "Dada, mdogo wangu..."

"Si sasa, kaka. Mpigie mama kwanza. Mwambie yote, kama ulivyomwambia yale ya asubuhi. Mimi na wewe tutaongea nikitulia, na sijui nitatulia lini."

Wodini daktari aliwaambia mgonjwa amepata nafuu. Figo zimeumia, atahitaji mashine ya kusafishia damu kwa wiki kadhaa, lakini mkojo umeanza kubadilika rangi. Wifi yake alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto amelazwa karibu na kifua chake. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza, bila kuficha kitu, nani alifanya nini na saa ngapi.

Wifi yake alisikiliza mpaka mwisho. Midomo ilikuwa imemkauka, sauti haikuzidi mnong'ono.

"Yuko wapi?"

"Chini, anasubiri polisi."

"Kabla hawajamchukua, mleteni hapa." Alimvuta mtoto akamsogeza karibu zaidi. "Mashine alishaisingizia. Mimi nataka aniambie ukweli, akinitazama machoni."

Fundi aliinuka akaenda kumleta.