Siku Choo Kilipotapishwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jeniffer alifagia uani, akaosha vyombo, kisha akajipanga kwenye foleni ya choo. Ndiyo, foleni ya choo, nyumbani kwao wenyewe! Baba yake, Makarius, alipojenga pale mwisho wa kata ya Kawajense, palikuwa na kaya chache, mahindi na pori. Mtaa ukaitwa Miyombo, kwa miti ya pori hilo. Leo hauna hata mti wa kumfungia mbuzi. Watu wametoka Karema, Mishamo na Usukumani kuufuata mji unaokua, na Makarius akaongeza vyumba vya kupangisha mpaka ukuta ukagusa ukuta. Choo kikabaki kilekile, shimo moja la enzi za pori.

Na shimo lilikuwa limejaa. Funza wanene walipanda hadi sakafuni, wakatambaa juu ya kandambili za watu. Nzi wa kijani walitoka humo wakaenda moja kwa moja kutua kwenye ugali. Harufu yake ilikuingia kooni, ukaimeza pamoja na chai.

"Baba Jeni, tunaomba shimo jingine," alisema Donatille, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyetoka Mishamo na binti yake mdogo, Joséline. "Watoto wanaogopa kuingia."

"Mama Joséline, subiri mvua," Makarius alijibu. "Mvua itamaliza kila kitu."

Mvua kubwa ilinyesha Jumamosi mchana, wapangaji wakiwa kwenye shughuli zao. Jeniffer alichungulia dirishani akamwona baba yake amejifunga kitambaa puani, anatoboa shimo la choo kwa sururu upande wa chini. Huku ndiko wanakoita kutapisha choo. Udongo ukafunguka, na kinyesi cha nyumba nzima kikamwagika kama uji mweusi wenye mapovu. Maji ya mvua yakakibeba kuelekea bondeni. Huko kuna bustani za mchicha, na huko ndiko kuna kisima cha mtaa.

"Baba, kisima!" Jeniffer alipiga kelele.

"Nyamaza! Mvua inasafisha. Tangu zamani tunafanya hivi, nani alikufa?" Kisha akashusha sauti. "Ila nyie maji ya kunywa mkachote kwenye bomba la kanisani. Na usimwambie mtu."

Jeniffer alikwenda nyuma ya jiko akatapika. Lakini mdomo aliufunga, maana baba ni baba.

Jumatatu, wakitoka shule, rafiki yake Doto alimcheka. "Mbona umebeba ndoo mpaka kanisani? Umekuwa sista?"

"Mama kanituma tu."

"Shauri yako na miguu yako. Mimi nakunywa hapahapa."

Doto akazamisha kopo kisimani, akanywa mpaka akapumua kwa nguvu. Jeniffer alimtazama akinywa. Hakusema neno.

Haikupita muda, Doto alikuwa hospitalini, macho yamezama, anahara maji matupu, dripu mkononi. Wengine wakafuata, wote wanywaji wa kisima kile. Mwenyekiti wa mtaa, mama Theopista, akaitisha mkutano palepale kisimani.

"Ni hawa wa kuja!" mzee mmoja alifoka. "Huyu Donatille anafulia nepi za mtoto humu."

"Joséline ana miaka mitano, nepi za nini?" Donatille akauliza.

"Basi ulifua zamani!"

Wachache wakacheka. Wengi wakapiga kelele: "Arudi Mishamo!" Nyanda, baba yake Doto, hakucheka wala kupiga kelele. "Mwanangu akifa, mama, utanijibu," alimwambia Donatille.

Makarius alikunja mikono kifuani. "Kama ameshindwa usafi, nitamtoa. Nyumba ni yangu."

Donatille akamwangalia mwenye nyumba wake. Kisha akainama, akachota maji kwa kopo. "Nyumbani kwetu, mtu akisingiziwa kisima anakinywa mbele ya watu. Kama nimekichafua mimi, maji haya yanishike mimi."

Kopo likapanda taratibu. Jeniffer akamgeukia baba yake. Makarius aliliona kopo, akajua kilichomo, akatazama viatu vyake. Angemwacha anywe! Hapo Jeniffer alishikwa na kinyaa ambacho hata choo chao hakijawahi kumtia. Akaruka, akalipiga kopo likaanguka.

"Usinywe, mama Joséline! Ni mavi yetu! Baba alitapisha choo siku ya mvua, mimi nikaona. Na Doto alikunywa mbele yangu, nikanyamaza."

Watu wakamgeukia Makarius.

"Makarius, ni kweli?" aliuliza mama Theopista.

"Ni kweli," alijibu, uso chini.

Nyanda akatema mate. "Kopo lilishafika mdomoni kwa mwenzako, wewe unaangalia viatu. Mtu gani wewe?"

Siku hiyohiyo kisima kilifungwa, na wote waliokunywa maji yake wakapelekwa kutibiwa. Makarius aliamriwa kuziba shimo bovu na kuchimba vyoo viwili vya kina, mbali na kisima, kwa mikono yake mwenyewe. Alimwomba Donatille msamaha mbele ya mtaa. Donatille alisema amesikia.

Doto alirudi amekonda kama fito. Jeniffer alimfuata, machozi yanamtoka.

"Uliniacha ninywe," Doto alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Utanichotea maji bombani mpaka nichoke kukuchukia."

"Nitachota."

Siku moja mama Theopista aliwakuta watoto wamelizunguka shimo jipya, wakitazama udongo unavyotupwa nje.

"Wanangu," alisema, "msidanganywe kwamba wageni ndio wameleta uchafu. Uchafu tulikuwa nao. Tulikuwa wachache, pori likatufichia, tukajiona wasafi. Sasa tumekuwa wengi na pori limekwisha. Chochote unachomwaga, kuna mwenzako chini yako anakinywa. Watu wakiongezeka, vyoo navyo viongezwe. Na ukiona baya, liseme siku ileile, hata kama aliyelifanya ni baba yako. Jeniffer alisema, lakini alichelewa, na Doto nusura atutoke."

Akainama kwenye mdomo wa shimo. "Umesikia, Makarius?"

"Nimesikia, mwenyekiti," ilijibu sauti kutoka chini.

"Haya, chimba."