Chupa ya Maji ya Betri

Kila Jumatatu, kabla kengele haijalia, Mita alifungua chumba cha sayansi, akapanda juu ya kiti na kusoma kipimo cha umeme wa jua. Jina lake halisi lilikuwa refu na zuri, lakini tangu apewe kazi ya kusoma mita wenzake walilisahau, naye hakujisumbua kuwakumbusha. Aliandika namba kwenye daftari, akavaa glavu, kisha akafungua vifuniko vya betri nne zilizopangwa sakafuni na kuongeza maji pale yalipopungua.

Betri hizo, pamoja na paneli za juu ya paa, zilifungwa na kaka wa mama yake, fundi umeme mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Yeye alimwita Mita mjomba, na Mita alimwita mjomba, hata mgeni akiwasikia asijue mjomba ni nani kati yao.

"Mjomba," fundi alimwambia siku ya kwanza, "betri hainywi maji ya bomba. Maji yetu yana chumvi. Hujaona birika la mama yako lilivyoganda weupe ndani? Chumvi hiyo hiyo inaua betri. Ipe haya tu." Akamkabidhi chupa iliyoandikwa MAJI YA BETRI.

Mita alifuata maagizo hayo vizuri kwa miezi miwili. Kisha asubuhi moja, akikimbizana na rafiki yake chumbani, aliipiga chupa teke. Kifuniko kiliruka na maji yote yakaishia sakafuni. Rafiki yake alikuwa ameshatoka nje, hakuona kitu. Mita alitazama huku na huku. Kesho mjomba angeuliza, na kazi ya mita angepewa mtu mwingine. Akaokota chupa, akaenda bombani, akaijaza mpaka shingoni.

"Maji ni maji," alijiambia. Yalionekana yale yale kabisa.

Wiki iliyofuata darasa liliweka mayai thelathini kwenye sanduku la kutotolea vifaranga, lililopata joto kwa umeme wa zile betri. Kila mwanafunzi aliandika jina lake kwenye yai kwa penseli. Waliyageuza kwa zamu, wakayamulika kwa tochi, wakaona mishipa myembamba na kidoa kinachopigapiga ndani. Mvulana mmoja aliyependa mzaha alitangaza kwamba kifaranga chake kimerithi macho ya baba yake. Na kila Jumatatu Mita aliongeza maji kutoka kwenye chupa ile, akaandika "Sawa" kwenye daftari.

Siku ya ishirini, mayai yalianza kulia. Sauti zilikuwa ndogo, tii, tii, na darasa zima, pamoja na mjomba aliyepita kuwaona, lilizuia pumzi ili kuzisikia. Yai la Mita lilikuwa na tundu dogo, na ncha ya mdomo ilionekana ikigonga. Wazazi walikuwa wamealikwa kuja kesho yake kuona jinsi jua linavyoweza kulea vifaranga.

Mawingu yalikuwa yametanda kwa siku mbili, jambo ambalo betri nzima zingelivumilia. Asubuhi walikuta taa ya sanduku imezimika. Mwalimu wa sayansi aliweka kiganja juu ya mayai. Yalikuwa baridi yote thelathini. Mita alilichukua yai lake, akasogeza sikio kwenye tundu. Hakusikia chochote. Yule mvulana wa mzaha alikaa chini ya dawati, akalia bila kujificha.

Wazazi walipofika, mwenyekiti wa kamati ya shule alizitazama betri, kisha akamgeukia fundi.

"Ulituambia ni mpya."

"Ni mpya," alijibu mjomba.

"Mpya gani inakufa kabla ya miezi minne? Umetufungia mtumba, bwana. Sema ukweli mbele ya watoto."

Mjomba alitoa mfukoni ufunguo wake wa chumba cha sayansi na kuuweka mezani taratibu. Mita aliuona ufunguo ule pale mezani, akasogea mbele.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilimwaga maji ya betri, nikajaza ya bomba. Nimeyatia kila wiki."

Mwenyekiti alimwomba fundi radhi na kumrudishia ufunguo. Mjomba aliupokea, akamtazama Mita, kisha akatoka bila kumwita kwa jina lolote.

Mchana huo walizika mayai nyuma ya darasa. Mita alichimba shimo peke yake, na hakuna aliyemwambia aache. Wiki ile iliisha, na nyingine ikaanza, mjomba hajafika kwao kama ilivyokuwa kawaida yake. Mita alikula kidogo, akalia sana.

Muhula uliofuata shule ilipata betri nyingine. Mita alisimama mlangoni, asithubutu kuingia, akimtazama fundi akikaza nyaya. Mwalimu alikuwa akipanga mayai mapya.

"Ungeniambia siku ile ile," alisema mjomba bila kugeuka, "ningekuletea chupa nyingine, basi. Kumwaga hakukuwa kosa; hata mimi nimemwaga mara nyingi. Kosa lilikuwa kujaza. Ulificha jambo dogo, likakua gizani mpaka likala vitu visivyo na hatia."

"Nisamehe," Mita alisema.

"Nilishakusamehe. Nilikuwa nasubiri nisikumbuke vile vilio vidogo kila nikikuona. Bado navikumbuka." Akajifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akanyoosha chupa mpya kuelekea mlangoni.

"Njoo, mjomba. Shika."